Ukoo wa Hallam: Mtoto wa Keziah

Kazi imekwisha. Nawaambia mapema, msije mkasema Gaël hakusema: hapa duniani hakuna marehemu anayeweza kunificha watoto wake. Vizazi kumi na kimoja, tangu Obadiah Hallam aliyeandika wosia wake Virginia mwaka 1738, Marekani ikiwa bado shamba la Mwingereza, mpaka Arlène anayeshona zipu za sare za shule hapa Rosettenville, nimeviunga mwenyewe kwa macho mawili na kompyuta moja inayokohoa.

Ndivyo nilivyokuwa najisifu ile Jumatano mliponiacha wiki iliyopita. Miguu juu ya meza, soda mkononi. Ndipo Kang'ethe alipoweka kidole kwenye kioo cha kompyuta akasema maneno sita.

"Huyu Samuel wako alikufa akiwa mtoto."

Nikashusha miguu.

"Umelisoma wapi hilo? Hati hiyo nimeisoma mimi."

"Ulisoma ukurasa gani?"

"Wa kwanza."

"Ziko ngapi?"

Nikatazama. Tatu.

Kang'ethe ni Mkenya wa kanisani kwetu, mtu wa miaka hamsini hivi, na kazi yake benki ni kusoma hati za nyumba na mashamba kabla mkopo haujatoka. Wiki hiyo alikuwa likizo. Mke wake alidhani anapumzika. Alivua miwani, akafuta jasho la pua, akairudisha polepole kama mtu anayerudi kazini.

"Kijana, hati ya shamba inasomwa kutoka nyuma. Mimi nimezisoma miaka kumi na tisa. Huko mbele ni salamu na mipaka tu, mti huu, jiwe lile, mto wa nani sijui. Watu wako nyuma. Huko ndio unajua nani anauza, nani amekubali na nani hayuko."

Akaniteremshia ukurasa wa tatu. Mwaka 1762. Nathan Hallam anauza ekari mia tatu ambazo baba yake, Obadiah, alimwachia mwanawe mwingine, Samuel, katika wosia. Anaziuza Nathan kwa sababu Samuel alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja, hakuwahi kuzikanyaga kama mwenye mali.

Na mimi Samuel huyo nilikuwa nimeshamwozesha. Nilikuwa nimempa mtoto wa kiume anayeitwa Jesse, na kwa mtoto huyo nimeshusha ukoo mzima mpaka Afrika.

"Kwa hiyo Jesse ni mtoto wa nani?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo ungeuliza wiki tatu zilizopita," akasema Kang'ethe.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua gazeti hili, vuta kiti nikueleze kwa haraka, maana nimechoka na foleni ya watu wa fotokopi iko mlangoni.

Mama Angélique ni fundi cherehani, mjane, mtu wa Likasi kule Katanga. Chumba chake cha kushonea kimepakana na duka hili la intaneti ninalolisimamia. Binti yake Arlène alimaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, miaka miwili iliyopita akiwa na alama za juu kabisa katika masomo sita. Lakini ana karatasi ya ukimbizi, na kwa karatasi ile mkopo wa chuo hakuna. Tangu siku hiyo anashona zipu.

Sasa kuna chama huko Marekani, Chama cha Ukoo wa Hallam. Kila mwaka kinamsomesha chuo kikuu mjukuu mmoja wa Obadiah, popote alipo, rangi yoyote, mradi athibitishe damu kwa wosia na hati za ardhi, karatasi mbili kwa kila kizazi, na awe hajatimiza miaka ishirini. Arlène anatimiza ishirini tarehe mbili Aprili. Fomu inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Hakuna mwaka ujao.

Anaingiaje kwa Hallam? Marehemu baba yake, Placide, alikuwa mtoto wa Philomène wa Likasi, na Philomène alikuwa binti wa Warren Hallam, fundi wa mashine za kuchimba, Mmarekani aliyefuata shaba Katanga, kisha akafuata dhahabu huku na kufia Turffontein mwaka 1951. Wosia wake tuliupata Pretoria. Ndani yake ameandika kwamba saa yake ya mfukoni na sanduku la vyombo vya kazi apelekewe "binti yangu Philomène, aliyeko na mama yake Likasi." Hapo ndipo hadithi yetu ilipopata miguu.

Na hapo kwa Samuel ndipo ilipovunjika mguu mmoja.

Mama Angélique akaingia wakati huohuo, futi shingoni, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja.

"Gaël, batu ba kwaya banauliza. Tupike Jumapili ama tupike Jumamosi?"

"Wapike nini, mama?"

"Ya kushukuru. Weye si ulisema iliisha? Miye nilishabaambia."

Nikamtazama Kang'ethe anisaidie. Kang'ethe akatazama viatu vyake.

"Mama," nikasema, "kuna mtoto mmoja amefariki."

"Nani?" Akashika kifua.

"Samuel. Mwaka elfu moja mia saba na kitu."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alizichoma pini zake kwenye mkono wa blauzi, zote, kwa mstari, kisha akauliza, "Kwa hiyo tunaanza upya?"

Kabla sijajibu umeme ulikatika. Mgao. Kompyuta ikatoa pumzi ya mwisho, feni ikazunguka mara tatu kwa heshima, ikasimama. Saa nane mchana, na hautarudi mpaka kumi na nusu.

Kuna uchovu wa kubeba mizigo na kuna uchovu wa kukaa bure mbele ya kioo cheusi huku saa inakwenda. Huu wa pili ndio mbaya. Tulikaa hivyo, watu watatu, mlango wazi, joto la Machi linaingia bila kubisha. Kwenye robot ya kona, yaani taa za barabarani, zote zimezimika, magari yakawa yanagombana.

Arlène akaja na mrundo wa sketi za kijivu begani. Nilimweleza. Yeye huniongelesha Kiingereza, namtafsiria hapa ili wote tuwe sawa.

"Sawa, yaya," akasema. Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Sawa nini?"

"Sawa tu. Mimi nilishajizoeza kukosa. Nyinyi ndio bado mnajifunza." Akaketi sakafuni, akaanza kutoa nyuzi za zipu iliyokosewa. "Sketi hizi zinatakiwa kesho."

 

Kang'ethe alijaribu kwa simu yake, herufi ndogo kama sisimizi, miwani paji la usoni. "Jesse hawezi kuwa wa Nathan. Wosia wa Nathan huu hapa, 1780. Ana mabinti watano, anawataja wote, mpaka kuku anamtaja. Jesse hayuko."

"Labda alimchukia."

"Hata ukimchukia mtoto unamwandika, kijana, umwachie shilingi moja ili asije akashtaki. Mimi nasema hivi: Hallam walikuwa wanaume wawili. Mmoja alikufa mtoto, mwingine alizaa wasichana. Jesse ameanguka kutoka mbinguni."

"Basi ameanguka na jina la Hallam," nikasema, "na shamba."

"Shamba gani?"

"Kwenye orodha ya kodi ya 1768. Jesse Hallam, ekari sitini."

Mama Angélique alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. "Nani alimupa?" akauliza.

"Nani alimpa nini, mama?"

"Shamba. Kijana ya bila baba, nani alimupa shamba?"

Msomaji, mama yangu mzazi ni Mbemba. Kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaweza kuwa mgeni, mlevi au hadithi tu. Mtoto hakosi ukoo. Na ukitaka kujua mtoto ni wa nani humwulizi baba yake. Unamtafuta mjomba, maana mjomba ndiye anayemwozesha, ndiye anayempa mahali pa kulima. Nimelijua hilo tangu sijaota meno. Halafu wiki tatu nzima nilikuwa namtafutia Jesse baba, kama karani wa Kizungu.

"Papa Kang'ethe," nikasema, "Obadiah alikuwa na mabinti?"

"Mmoja. Kwenye wosia. Keziah, alipewa farasi."

"Basi Nathan si baba wa Jesse. Nathan ni mjomba wake."

Kang'ethe akacheka kile kicheko chake kifupi cha puani. "Na sisi Wakikuyu koo zetu tisa zote zina majina ya mabinti," akasema. "Mimi hapa nimekaa nahesabu wanaume."

 Tulikaa tukiisubiri saa kumi na nusu, kila mtu akitazama feni.

Umeme uliporudi sikuisubiri kompyuta itulie. Niliingia kwenye vitabu vya hati vya wilaya ile, nikaacha wauzaji, nikatafuta watoaji. Hati za zawadi. 1764, hakuna. 1765, hakuna. 1766, ukurasa uliolowana maji karne ile, wino umetapakaa kama mchuzi. Safari hii nilianza nyuma.

Alama ya Nathan Hallam. Shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Juu yake: "kwa upendo nilio nao kwake, ekari sitini upande wa chini wa kijito, kwa Jesse, mwana wa dada yangu Keziah, aliyelelewa nyumbani mwangu."

Nilimsomea Mama Angélique mara mbili, mara ya pili polepole.

"Mujomba," akasema. Basi. Lakini aliitoa futi shingoni na kuikunja, kitu ambacho hafanyi kazi ikiwa bado.

Tulihitaji karatasi ya pili, chama kinataka mbili. Kang'ethe akaipata: wosia wa mjane, Prudence Hallam, 1771. Nikasoma kwa sauti, kichwa juu, najiona tena.

"Kwa binti yangu Keziah na mwanawe Jesse, godoro la manyoya, sufuria ya chuma, ng'ombe mmoja mwekundu, na…"

Nikaurudia mstari kwa macho.

"Na nini?" akauliza Arlène kutoka sakafuni.

"Na mwanamke mweusi aitwaye Phillis."

Feni ilikuwa imeanza kuzunguka tena. Arlène aliinuka, akaja akasimama nyuma yangu, akausoma mstari ule mwenyewe. Ng'ombe, sufuria, Phillis.

"Soma hata ile inayobakia," akasema Mama Angélique.

Nikaendelea. Vijiko. Kitani. Sahihi.

"Huyu Phillis," akauliza mama, "na yeye aliacha batoto?"

"Haikuandikwa."

"Chama yao hakuna?"

"Hakuna, mama."

Arlène alirudi kwenye sketi zake. Zipu aliyokuwa anaitoa aliitoa kwa kuichana. Kang'ethe alichapisha karatasi zote mbili, akaziweka kwenye bahasha bila kuzitazama tena, akaaga. Mlangoni alisema, "Sasa mwisho wa mnyororo. Kesho mnionyeshe Philomène na Placide."

Eish. Philomène na Placide.

Alhamisi nilimwonyesha nilichokuwa nacho, ambacho kilikuwa si kitu. Cheti cha kuzaliwa cha Placide kilikuwa ndani ya sanduku, sanduku likachukuliwa na mto Limpopo siku walipovuka, mwaka 2006, na Limpopo hairudishi mizigo. Placide mwenyewe alifariki miaka mitano baadaye. Simu za Likasi tulipiga mbili; mmoja alisema atauliza, mwingine alituomba vocha.

Kang'ethe akaisoma fomu ya chama kuanzia nyuma, kama dawa yake. "Hapa kuna njia. Pasipo cheti wanakubali kiapo. Mtu mzima asiye wa familia, aliyewajua mama na mtoto kwa macho yake. Aape mbele ya polisi, ipigwe muhuri. Mko na mtu?"

"Yupo," nikasema.

"Nani?"

"Mimi."

Alinitazama juu ya miwani. "Ulimjua Philomène?"

"Papa Kang'ethe, kule kwetu kila mtu anamjua kila mtu."

"Sikukuuliza kuhusu kila mtu. Kijana, usiape kitu hukuona. Tafuta mzee. Hamkosi mzee mmoja wa Likasi katika mji huu mzima."

"Sawa, nitatafuta."

Msomaji, nisikilize kabla hujanihukumu. Philomène sikumwona hata kivuli. Mimi si wa Likasi, ni wa Kolwezi. Lakini nilikuwa nimesoma wosia mia mbili kwa wiki tatu, macho yamekuwa mekundu hata bosi aliniuliza navuta nini. Nilikuwa nimekosea mara moja mbele ya yule mama, na kwaya nzima ilikuwa inajua. Na Placide alikuwa mtoto wa Philomène, hilo kila mtu alilisema, mkewe alilisema, marehemu mwenyewe alilisema mpaka anakufa. Nilijiambia kwamba sitadanganya jambo, nitadanganya macho tu. Ukweli upo, unakosa mtu wa kuubeba mpaka polisi. Nikajitolea mgongo.

Nilikiandika kiapo mwenyewe, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Kwamba nilikuwa jirani. Kwamba nilimjua Philomène Hallam na mwanawe wa pekee Placide. Na kwa sababu mimi nikianza kupika huwa sijui kuacha chumvi, nikaongeza kwamba nilihudhuria mazishi ya Philomène na kumwona Placide, kama mtoto wake, akitupa udongo wa kwanza. Mwaka sikuandika.

Mama Angélique nilimsomea kwa Kiswahili kile kipande cha jirani tu. Akaitikia kwa kichwa. Jioni hiyo alipiga simu moja ndefu akiwa uani, na mimi sikuuliza ni ya nani. Laiti ningeuliza.

Ijumaa, saa nne asubuhi, kituo cha polisi. Foleni ya muhuri ilikuwa ndefu kuliko ibada. Mbele yetu mwanamume aliyepoteza leseni, mbele yake mama aliyepoteza mume, na wote wawili wanataka karatasi ileile. Mama Angélique alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Arlène aliegemea ukuta, bahasha ya vizazi kumi na kimoja kifuani.

"Yaya," akaniambia kwa sauti ya chini, "nimeota nimekaa darasani."

"Darasa gani?"

"Sijui. Lilikuwa na madirisha makubwa." Akatazama bahasha. "Nilikuwa nimeacha kuota hivyo. Usiniangushe, sawa?"

"Sharp," nikasema. Kwa lugha ya huku, sawa.

Tukafika dirishani. Askari alikuwa msichana wa rika langu, macho ya usingizi, kalamu imefungwa kamba. Alikisoma kiapo changu bila kutikisa hata nyusi. Wanasoma mia kwa siku.

"Yaliyomo unayajua na unayaelewa?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo."

"Una pingamizi lolote kula kiapo?"

"Hapana."

"Inua mkono wa kulia. Useme yote haya ni kweli."

Nikainua mkono. Nikasema. Akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi, akauvuta muhuri na kuupumulia pumzi ya joto.

"Gaël."

Sauti ilitoka nyuma yetu, ya kikongwe, nzito kama ya mtu aliyepanda ngazi. Nikageuka. Mama mfupi, kilemba cheusi, kikapu mkononi, amesimama katikati ya foleni na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyuma.

"Mama Célestine," akasema Angélique, uso umemng'aa. "Umefika." Akanigeukia. "Miye njo nilimuita. Anatoka Diepsloot, taxi mbili. Nilisema shahidi mbili ni muzuri kuliko moja. Mama Célestine alikaa nyumba moja na Philomène, Likasi."

Nilimjua kwa jina. Watu wa Katanga wote wa mji huu wanamjua kwa jina, ana kibanda chake cha mboga kule Diepsloot. Na yeye inaonekana alinijua mimi.

"Weye si mutoto ya Khatibu wa Kolwezi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Huyu mutoto anaapa nini?"

Arlène akamwambia. Kwa Kiswahili, na sijui alikitoa wapi, kimenyooka na kina makosa mawili tu. Alisema: anaapa kwamba alikuwa kwenye mazishi ya nkambo, yaani bibi yake, Philomène na alimwona baba akitupa udongo.

Mama Célestine aliweka kikapu chini.

"Philomène tulimuzika mwaka ya vita ya kwanza, ile ya tisini na sita," akasema. "Weye ulikuwa mugongoni ya mama yako, ule mwaka, na mama yako alikuwa Kolwezi. Miye njo nilimuosha Philomène. Kwa mikono hii. Na nitawaambia kile kila mama wa ule mutaa alijua, ni nyinyi tu hamukuuliza. Philomène hakuzalaka. Hata mara moja. Placide alikuwa mutoto ya mudogo yake, alimuchukua angali ananyonya, akamukomalisha kama wake. Kwetu mama mukubwa ni mama, nani ataanza kutenganisha? Lakini kama munaapa damu, mujue damu. Mama yao alikuwa mumoja. Ule Muzungu alikuwa baba ya Philomène tu, hakuwa baba ya mudogo yake."

Mama Angélique hakulia. Alianza kulainisha kitenge chake mbele kwa viganja, chini, chini, kana kwamba kina mkunjo. Arlène aliishusha bahasha kutoka kifuani ikaning'inia ubavuni, nzito ghafla.

Askari alikuwa bado ameshika muhuri hewani.

"Huyu mama anasema nini?" akaniuliza.

Wote wakanitazama. Katika watu wanne tuliosimama pale dirishani, mimi ndiye mkalimani. Siku zote ni mimi: hospitali, shuleni, kwa mwenye nyumba. Saa ya ukutani ilisema nne na dakika ishirini na mbili. Mpaka saa kumi na moja kulikuwa na muda mwingi wa kutuma fomu, kama tu muhuri ungeteremka sentimita kumi.

"Anasema," nikaanza. "Anasema alimjua sana marehemu. Anasema yote yaliyoandikwa hapo ni sawa."

Askari akaitikia kwa kichwa. Muhuri ukaanza kushuka.

Mama Célestine ameuza mboga Diepsloot miaka kumi na tano, na wateja wake hawanunui kwa Kiswahili. Alisogea dirishani, akanipita kama anavyopita kiti, akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta, na akaongea Kizulu kilichonyooka kuliko cha redio.

"Ndodakazi, lo mfana uqamba amanga."

Binti yangu, huyu kijana anadanganya.

Muhuri ulitua mezani, kando ya karatasi. Askari aliuachia, akakivuta kiapo upande wake wa dirisha, na usingizi wote ukamtoka machoni. Alikisoma tena, safari hii akianzia chini, kwenye sahihi yangu.

"Kaka," akasema polepole, "kwenye mazishi haya ulikuwepo, au hukuwepo?"